Tulivyouona Mji wa Amsterdam na Matuta Yake

Wahenga walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sisi hatukwenda Uholanzi bure, kwani tulitumwa kazi. Lakini mengi tuliyoyaokota huko tuliyapata nje ya saa za kazi, siku za Jumamosi na Jumapili na wakati wa jioni. Nayaona yana faida kwa wasomaji, hasa wale wanaolima karibu na mito na wale wanaoshika kalamu maofisini. Kwa sababu hiyo nimeyaandika.

Ilikuwa mwezi wa Septemba mwaka 2023. Tulikuwa watu watatu kutoka Kenya, tuliopelekwa Amsterdam kwa majuma mawili kujifunza namna ya kutunza kumbukumbu za maji, yaani vipimo vya mvua, vya mito na vya maziwa. Mimi ni karani, na kwetu ni Bunyala, mahali mto Nzoia unapokaribia kuingia katika Ziwa Victoria. Mwenzangu wa pili ni bwana shamba, mzaliwa wa Nyeri, mtu wa maneno machache, asiyeweza kupita karibu na shamba la mtu bila ya kuinama na kuusugua udongo kwa vidole. Wa tatu ni mtu wa Mombasa, kazi yake ni ya bandarini, naye ana mzaha mwingi. Kila mmoja aliutazama mji ule kwa macho ya kazi yake, na jioni tulipokaa kulinganisha habari, tulifaidiana sana.

NDEGE HUTUA JUU YA SAKAFU YA ZIWA

Maajabu ya nchi ile huanza kabla mgeni hajatoka katika uwanja wa ndege. Uwanja wa Schiphol uko kiasi cha meta 3 hadi 4 chini ya usawa wa bahari, nao umejengwa mahali palipokuwa sakafu ya ziwa. Mwenzetu wa Mombasa alipoambiwa hayo alicheka akasema, “Basi rubani ametuteremsha hata tukafika usawa wa bahari, naye akaendelea kuteremka!”

Ziwa hilo liliitwa Haarlemmermeer. Watu wa zamani walilifananisha na mbwa mwitu, kwa maana kila dhoruba ilipovuma lilimega mashamba na vijiji vya ukingoni. Mwaka 1836 dhoruba mbili ziliyasukuma maji yake hata yakafika kwenye milango ya Amsterdam upande mmoja, na ya mji wa Leiden upande wa pili. Hapo ndipo Serikali ilipokata shauri la kulikausha. Walichimba mfereji kulizunguka ziwa lote, wakajenga tuta, kisha wakasimamisha mitambo mitatu mikubwa ya mvuke ya kuvuta maji. Mwaka 1852 ziwa lilikuwa limekauka, na zaidi ya ekari 40,000 zikawa mashamba. Mmoja wa mitambo hiyo, unaoitwa Cruquius, ulifanya kazi hata mwaka 1933, na sasa umehifadhiwa ili watu wautazame.

Lakini msomaji asidhani kwamba kazi iliisha mwaka 1852. Mvua hunyesha juu ya nchi ile kama inavyonyesha kwetu, na maji mengine hupenya polepole kutoka ardhini. Maji hayo hayana mahali pa kwenda, kwa kuwa nchi iko chini na mifereji iko juu. Ni lazima yavutwe kwa pampu mwaka baada ya mwaka. Pampu zikisimama, ziwa litarudi. Neno hilo tulilisikia siku ya kwanza, na kila tulipokwenda tuliliona tena kwa namna nyingine.

MJI ULIOSIMAMA JUU YA MAGOGO

Jumamosi ya kwanza tulitembea kwa miguu kutoka stesheni kuu hata uwanja wa Dam, ambao ndio kitovu cha mji. Jina la mji lenyewe ni habari. Amstel ni mto, na dam ni tuta la kuzuia maji. Basi Amsterdam ni tuta la mto Amstel. Hati ya kwanza inayowataja watu wa mahali hapo ni ya tarehe 27 Oktoba 1275, ambayo kwayo mtawala wao, Floris wa Tano, aliwasamehe ushuru wa njiani. Mwaka 2025 mji ulisherehekea kutimiza miaka 750 tangu siku ya hati hiyo. Mimi, kama karani, nilifurahi sana kusikia ya kuwa mji mkubwa namna hiyo unahesabu umri wake kutokana na hati moja ya ushuru iliyotunzwa vizuri.

Kando ya uwanja huo iko nyumba kubwa ya mawe ambayo ilianza kujengwa mwaka 1648 iwe baraza la mji, na tangu mwaka 1808 imekuwa jumba la mfalme. Chini yake mna magogo 13,659. Ardhi ya Amsterdam ni laini kama uji, haiwezi kubeba ukuta. Kwa hiyo wajenzi walipigilia miti mirefu ardhini, kiasi cha meta 12, hata ikafika kwenye mchanga mgumu, ndipo wakajenga juu yake. Nyumba nyingi za zamani zimesimama vivyo hivyo. Zilizo kando ya mifereji ni nyembamba na ndefu, nyingine zimeinama kama wazee wanaonong'onezana. Juu kabisa ya kila moja kuna boriti yenye kulabu, maana ngazi za ndani ni nyembamba mno, na kitanda au kabati hupandishwa kwa kamba na kupitishwa dirishani.

Bwana shamba wetu aliuliza swali lililokuwa katika mioyo yetu sote: mti hauozi? Jibu ni kwamba mti ulio ndani ya maji wakati wote hauozi upesi, kwa kuwa hewa haiufikii. Lakini maji yakipungua na vichwa vya magogo vikapata hewa, kuvu huingia, na nyumba huanza kuzama. Kwa sababu hiyo maji ya mifereji ya katikati ya mji hushikwa pale pale, sentimeta 40 chini ya alama maalum nitakayoieleza. Yasipande, kwa maana yataingia sebuleni; yasishuke, kwa maana nyumba zitaanguka.

BAISKELI, SAMAKI NA PICHA

Sitaki wasomaji wadhani kwamba tulizungumza habari za maji tu. Tulipanda mashua tukapita katika mifereji mikubwa iliyochimbwa katika karne ya 17, na tulivuka kwenda ng'ambo ya kaskazini kwa kivuko kilicho nyuma ya stesheni, ambacho abiria halipi hata senti moja. Mwenzetu wa Mombasa alisimama ukingoni akitazama namna mabaharia walivyofunga kamba, akifikiri habari za Likoni, akasema kwamba watu wa kivuko hufanana ulimwenguni kote: wote wana haraka, na wote husimama karibu na mlango.

Hatari kubwa ya mji ule si gari bali baiskeli. Zina njia zao, nyingi za rangi nyekundu, na mgeni anayeduwaa katikati ya njia hiyo husikia kengele na maneno ambayo hayahitaji mfasiri. Mama huchukua watoto wawili katika sanduku la mbele, mzee wa miaka themanini hupita akiwa wima, na mwenye suti huendesha kwa mkono mmoja huku ameshika mwavuli kwa mkono wa pili. Mbele ya stesheni kuu, chini ya maji, wamejenga ghala la baiskeli lililofunguliwa Januari 2023, nalo linaweza kupokea baiskeli 7,000 hivi.

Kuhusu chakula, tulionjeshwa samaki aitwaye haring, ambaye hapikwi, hutiwa chumvi tu, akaliwa pamoja na vitunguu vilivyokatwa. Mtu wa Pwani alimaliza wake, akaomba mwingine. Mtu wa Nyeri alimtazama samaki, samaki naye akamtazama, kisha akaenda kununua viazi vya kukaanga.

Katika jumba la Rijksmuseum tuliitazama picha kubwa ya Rembrandt ya mwaka 1642 inayojulikana kwa jina la Ulinzi wa Usiku. Nilikuwa nimeona nakala yake katika vitabu, nikadhani ni picha ya askari wa mfalme. Sivyo. Wale ni raia wa mji, watu wenye biashara na nyumba zao, waliokuwa katika kikosi cha kuulinda mji wao, nao walichanga fedha wenyewe ili wachorwe. Nililitia jambo hilo moyoni, maana baadaye nililikuta tena mashambani.

MSUMARI WA SHABA

Jumamosi ya pili tulipelekwa katika jumba ambalo ndani yake mna ofisi za mji na ukumbi wa muziki. Humo, pasipo mapambo makubwa, wageni huonyeshwa kichwa cha msumari mkubwa wa shaba. Msumari huo waonyesha usawa wa Amsterdam, yaani alama ambayo kwayo vipimo vyote vya urefu na kina katika Uholanzi hupimwa, na nchi nyingine za Ulaya pia huitumia kama msingi wa vipimo vyao. Asili yake ni ya miaka ya 1683 na 1684, wakati wa meya Johannes Hudde, ambapo mawe manane ya marumaru yenye alama yalijengwa katika milango ya maji ya mji. Moja limesalia mahali pake hata leo.

Huenda msomaji akauliza, msumari una faida gani? Faida yake ni hii: kabla watu hawajakubaliana juu ya alama moja, kila kijiji husema tuta lake ni refu la kutosha. Baada ya kukubaliana, ubishi hukoma, kwa maana kila tuta limeandikiwa kipimo chake.

Karibu na msumari ziko nguzo tatu za kioo zilizojazwa maji. Mbili huonyesha jinsi bahari inavyojaa na kupwa saa ile ile huko IJmuiden na Vlissingen. Ya tatu ni ndefu sana, hupanda kupita vichwa vya watu, nayo haishuki kamwe. Inaonyesha maji yalipofika katika gharika ya mwaka 1953, meta 4.55 juu ya alama.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba kali kutoka kaskazini-magharibi ilikutana na maji ya bamvua. Mwenzetu wa Mombasa hakuhitaji kuelezwa maana ya bamvua; aliinamisha kichwa tu. Matuta ya kusini-magharibi mwa Uholanzi yalipasuka mahali pengi watu wakiwa usingizini, na katika nchi hiyo peke yake watu 1,836 walikufa. Mhandisi mmoja wa Serikali, Johan van Veen, alikuwa amekwisha kuonya miaka kadhaa kabla kwamba matuta yale ni mafupi mno. Vipimo vilikuwapo katika karatasi, lakini vita vilikuwa vimepita, fedha zilikuwa chache, na kazi iliahirishwa. Baada ya gharika nchi nzima ilianza kujenga mabwawa na milango mikubwa ya kuzuia bahari, na kazi hiyo ilidumu hata mwaka 1997. Wenyeji waliopita karibu nasi waliitazama nguzo ile ya tatu kwa kitambo, kisha wakaendelea na safari zao. Ipo hapo ili wasisahau.

MWENYE SHAMBA NDIYE MWENYE TUTA

Jumapili tulipanda basi kwenda Beemster, upande wa kaskazini wa mji. Hapo pia palikuwa ziwa, nalo lilikaushwa mwaka 1612, miaka zaidi ya mia mbili kabla ya Haarlemmermeer, wakati ambapo hapakuwa na mvuke wala umeme. Walitumia vinu vya upepo. Kinu kimoja huweza kuinua maji kwa meta moja na nusu hivi tu. Kwa hiyo walivipanga vinu kwa mstari, kimoja kikiinua maji na kukipa cha pili, cha pili kikakipa cha tatu, kama watu wanaopokezana ndoo wakati wa kuzima moto, hata maji yakafika katika mfereji wa juu. Leo pampu za umeme hufanya kazi hiyo, lakini mashamba yamebaki yamenyooka kama yalivyopimwa na mafundi wa siku zile.

Bwana shamba wetu aliinama, akachukua udongo, akausugua. Alisema ni mfinyanzi mzuri, wenye kushika maji na rutuba. Mbele yetu walikuwa ng'ombe wa maziwa wenye mabaka meusi na meupe, na juu ya tuta walikuwa kondoo. Tuliuliza kwa nini kondoo wawe juu ya tuta na ng'ombe wawe chini. Mzee mmoja mwenye shamba, aliyetukaribisha kwa kahawa, alitueleza kwamba ng'ombe ni mzito, kwato zake huchimba na kuvunja nyasi, hasa wakati wa mvua. Lakini kondoo ni mwepesi, hukata nyasi fupi na kukanyaga udongo ukashikamana. Tuta lenye nyasi fupi zilizoshikana halimegwi kwa urahisi.

Nilimwuliza, “Mzee, tuta hili ni la nani? Ni la Serikali?”

Alifikiri kidogo, kisha akajibu, “Ni la baraza la maji. Na baraza la maji ni sisi.”

Uholanzi ina mabaraza ya maji 21. Mabaraza hayo ni tofauti na mabaraza ya miji na Serikali kuu, na mengine yana umri mkubwa kuliko Serikali yenyewe. La Rijnland linajulikana tangu karne ya 13. Kila baraza lina eneo lake, wajumbe wake, na kodi yake. Mwenye nyumba hulipa, mkulima hulipa, mwenye kiwanda hulipa, hata mpangaji hulipa, na fedha hizo hutumika kwa matuta, pampu, mifereji na kusafisha maji machafu. Wananchi huwapigia kura wajumbe wao kila baada ya miaka minne. Mara ya mwisho kabla ya ziara yetu ilikuwa Machi 2023. Mzee alituletea karatasi yake ya kodi ya maji. Alinung'unika kwamba imepanda, kama wakulima wote wanavyonung'unika juu ya kodi, lakini aliikunja vizuri na kuirudisha katika jalada.

Alitusimulia pia desturi ya zamani. Zamani kila mwenye shamba alipewa kipande chake cha tuta akitunze kwa mikono yake, na wakaguzi walipita kukitazama. Aliyeshindwa alichomeka sepetu yake katika tuta akaondoka. Mtu yeyote aliyekuja kuing'oa sepetu ile alilichukua tuta na wajibu wake, na shamba likawa lake. Walikuwa na msemo kwamba asiyetaka kujenga tuta na ahame. Sheria hiyo ilikuwa kali, lakini maana yake ni wazi: ufa katika kipande cha jirani yako utakuzamisha wewe pia.

WARIDI LA NAIVASHA

Asubuhi moja tulipata ruhusa ya kwenda Aalsmeer, si mbali na uwanja wa ndege, kutazama mnada wa maua. Jumba la mnada ni miongoni mwa majumba makubwa kabisa duniani kwa eneo la sakafu. Vigari virefu vilivyojaa maua hupita kama mabehewa ya gari la moshi. Katika mnada ule bei haipandi kama kwetu, bali hushuka: saa huanza katika bei ya juu, ikateremka kwa kasi, na anayebonyeza kwanza ndiye mnunuzi. Anayengoja bei nafuu mno hukosa ua. Wanunuzi wengi hawapo hata ukumbini. Hununua kwa kompyuta kutoka mbali.

Tulipoona masanduku yaliyoandikwa Kenya tulisimama kama watu waliokutana na ndugu safarini. Waridi zile zilitoka katika nchi yetu, nyingi kandokando ya Ziwa Naivasha. Tuliambiwa ya kwamba mnada wenyewe si mali ya tajiri mmoja, bali ni ushirika wa wakulima wa maua. Bwana shamba, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, alisema, “Hawa watu maji wanayashughulikia kwa pamoja, na maua vivyo hivyo.”

HATA KWAO UFA HUTOKEA

Ningewadanganya wasomaji kama ningesema kwamba kila kitu cha Amsterdam ni kizuri. Utajiri uliojenga baadhi ya nyumba zile nzuri za mifereji ulitokana na biashara ya watumwa na jasho la watu waliotawaliwa ng'ambo. Wenyeji wenyewe wamekiri. Meya wa mji, Bibi Femke Halsema, aliomba radhi tarehe 1 Julai 2021 kwa sehemu ya mji katika utumwa, na Mfalme Willem-Alexander akaomba radhi tarehe 1 Julai 2023, miezi miwili tu kabla ya sisi kufika.

Wala utunzaji wao haukosi kasoro. Tarehe 1 Septemba 2020 ukuta wa mfereji mahali paitwapo Grimburgwal, katikati ya mji, ulibomoka ghafula ukaanguka majini. Kwa bahati hapakuumia mtu. Ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya mikokoteni ya farasi, na sasa ulipitiwa na malori mazito, huku magogo yake yakichakaa. Mji una kuta za namna hiyo zipatazo kilomita 200 zinazohitaji kukaguliwa na kutengenezwa, na kazi hiyo itachukua miaka mingi na fedha nyingi. Mashambani nako kuna tatizo jingine: sehemu zenye udongo mweusi wa majani yaliyooza, kadiri zinavyokaushwa ndivyo zinavyozama, na kadiri zinavyozama ndivyo zinavyohitaji kukaushwa tena. Waholanzi hawajayashinda maji. Wanachofanya ni kuyahesabu kila siku, na pale walipoacha kuhesabu, maji yaliwakumbusha.

SISI NA MITO YETU

Niliyaona hayo yote kwa macho ya mtu wa Bunyala. Mwezi wa Mei mwaka 2020 mto Nzoia ulivunja matuta yake huko Budalangi, wakati ule ule Ziwa Victoria lilipokuwa limejaa kupita kiasi. Maelfu ya watu walihama. Mama yangu alitoka na mbuzi wawili na sanduku la vyeti vya watoto. Mahindi, kuku na choo vilikwenda na maji. Lakini tuta halikupasuka siku ile tu. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipita juu yake na kuona njia za ng'ombe zilizochimbika, mashimo ya fuko, na mahali watu walipochukua udongo wa kufyatulia matofali. Kila mtu aliona, na kila mtu alisema ni kazi ya mwingine.

Tena miezi saba baada ya sisi kurudi, mvua za Aprili na Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 200 katika Kenya. Huko Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia yake ya chini iliziba kwa takataka za mafuriko, yalipasua yakashuka juu ya nyumba za watu, na makumi ya watu wakafa. Njia ya maji iliyoziba ni jambo dogo mpaka usiku wa mvua kubwa.

Sisemi kwamba wanakijiji waweza kufanya kazi ya wahandisi, wala kwamba Serikali isidaiwe kujenga na kutengeneza matuta makubwa. Ni haki yetu kudai, na tudai kwa maandishi. Lakini yako mambo ambayo hayangoji bajeti. Tuta laweza kupandwa nyasi badala ya mahindi. Ng'ombe waweza kupewa njia moja iliyowekwa mawe, badala ya kila mmoja kuchimba yake. Shimo la fuko laweza kuzibwa kwa udongo na kushindiliwa siku lionekanapo. Kalvati iliyo karibu na shule yaweza kufunguliwa kabla ya mvua za masika, si baada yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sote twaijua methali hii tangu utoto, na Waholanzi, wasioijua, wanaitenda.

Jambo la mwisho ni la makarani wenzangu na kila ajuaye kusoma na kuandika. Niliporudi nyumbani kwa likizo ya Krismasi mwaka 2023, nilikaa na majirani tukasimamisha mti mnene kando ya mto, tukaupaka alama za rangi kila baada ya sentimeta 10. Mwenye duka alikubali kuweka daftari. Kila asubuhi kijana mmoja hutazama mti, akaandika tarehe, saa na kipimo. Wengine walitucheka, wakasema twauandikia mto barua. Maji yalipoanza kupanda mwezi wa Mei 2024, daftari lilionyesha kwamba yamepanda alama nne kwa siku mbili, na watu wa upande wetu walihamisha watoto, wazee na mifugo wakati wa mchana, pasipo kungoja usiku. Mahindi hatukuyaokoa, lakini hatukuzika mtu.

Daftari la kwanza limejaa, na la pili limeanzwa. Gharama ya mti, rangi na madaftari mawili haikufika bei ya kuku mmoja. Msomaji aliye na mto karibu na shamba lake aweza kuanza kesho asubuhi.